Beli zangu za kwanza za hei ziko moto ndani kama ugali, nimekosea wapi?

Ng'ombe Mbili Kamulu · Jumamosi saa tatu usiku

Wasee habari za wikendi. Niko huku Kamulu na ekari moja, nusu ni nyumba, boma na sukuma wiki, nusu ingine nilipanda Boma Rhodes, nyasi ya kukausha iwe hei, mwaka jana mvua ya mwezi wa kumi ikianza. Ng'ombe ni wawili wa maziwa na kandama kamoja ka kike. Sababu ya kupanda ni nilichoka kununua, kuna duka moja la chakula cha mifugo lilikuwa linaniuzia beli 350 na kila mwezi beli inazidi kukonda, ya mwisho nilifungua nikapata mashina matupu, karatasi ya unga na jiwe la kupigia mtu. Jiwe nimelilipia bei ya nyasi.

Mkato wa kwanza mwezi wa pili ulikuwa magugu mengi nikawalisha tu mbichi. Huu wa pili nyasi ilichanua vizuri mwisho wa mwezi wa sita nikasema sasa ndio wakati. Jumamosi iliyopita nikaita vijana wawili na slasha, wakalaza karibu yote mpaka Jumapili saa sita. Jumapili jua lilitoka kidogo, Jumatatu mawingu kutwa, jioni manyunyu, nikaona nikingoja itaozea chini, Jumanne mchana ilikuwa inaonekana kavu kavu hivi tukaipiga beli na boksi la mbao nililochongewa na fundi, zikatoka 38. Niliringa wewe. Nilipiga picha nikatumia mpaka shemeji wangu wa Kitale mwenye huwa ananicheka eti watu wa Nairobi tunalima kwa simu.

Nikazipanga stoo juu ya simiti, zimeegemea mabati. Leo jioni naingia nasikia harufu tamu tamu kama ya tumbaku, nikaingiza mkono katikati ya beli nikautoa mbio, moto kama ugali umetoka kwa sufuria saa hiyo. Ingine nikaifungua ikatoa vumbi jeupe, nikawekea ng'ombe mkubwa, akanusa, akaniangalia, akaenda kusimama kwa kona.

Sasa hizi naeza kuziokoa ama ndio zimeenda? Mnajuaje imekauka ya kutosha kama huna ile mashine ya kupima unyevu? Na ukweli tu bila kunipaka mafuta, kwa nusu ekari hii kazi inalipa ama nirudi kwa watu wa mawe?

Nyasi Isinya · Jumamosi saa tatu na dakika ishirini

Bosi hayo maswali mengine baadaye, toa hizo beli nje SASA usingoje asubuhi. Nyasi ikifungwa na maji ndani bado inapumua, halafu ukungu unaingia unaanza kula ile sukari yake, hiyo kazi yote inaleta joto na kwa rundo joto halina pa kutokea, linapanda tu. Hei imechoma mastoo ya watu bila kiberiti na si lazima iwe wiki ya kwanza, inaweza kukukalia kimya mwezi mzima halafu ikashika. Zako ni 38 tu sawa, lakini ziko ndani na pengine kuna waya wa stima unapita hapo hapo.

Weka ndoo za maji karibu kabla ujaanza kwa sababu ukifungua rundo lenye joto hewa inaingia ghafla na hapo ndio moto hupenda kuwaka. Tafuta nondo, ichomeke katikati ya rundo dakika kumi, ukiitoa na huwezi kuishika na mkono mtupu basi hapo hakuna hei, hapo kuna jiko. Ukiona moshi ama usikie harufu ya kuungua usifungue kitu, ita majirani na zima moto kwanza. Kama ni vuguvugu tu toa moja moja, kata kamba, tandaza nje hata kama ni usiku, umande wa leo hauwezi kukuharibia kuliko hiyo stoo.

Tuambie ukimaliza.

Mtu wa Rongai · Jumamosi saa nne kasoro

Jiwe kwa 350 si mbaya, Rongai wangekuongezea la pili uwe na mafiga.

Ng'ombe Mbili Kamulu · Jumamosi saa sita kasoro usiku

Nimetoa zote. Nondo nilishika ingawa kwa shida. Moshi hakuna. Bibi alikuwa ananishikia tochi ya simu na kuniuliza kama hii ndio ile hei nilimwambia itapunguza gharama, sijamjibu. Za katikati chini ndio mbaya kabisa, za kando ziko joto tu. Kesho nazichambua. Asante Isinya, Mungu akuzidishie.

Mama Maziwa Gikambura · Jumapili saa moja asubuhi

Pole sana mwanangu. Usijilaumu sana, mimi mwaka wangu wa kwanza nilitupa zaidi ya nusu na sikuwa hata na mtu wa kuuliza. Vile nakusoma boksi lako liko sawa na nyasi yako iko sawa, kosa lako ni Jumanne.

Nyasi ikiwa mbichi karibu yote ni maji. Ukikata kilo mia moja mbichi, hei yenye utapata pale ni kama kilo ishirini na nne, hizo zingine zote lazima zitoke ziende hewani na jua la siku moja haliwezi. Tena yako ililala vile slasha iliiangusha, si ndio? Hukusema mahali umeigeuza. Ile ya juu inakauka inakudanganya, ile imelalia udongo iko vile ilikuwa. Mimi nageuza mara mbili kwa siku, saa nne umande ukishaisha na saa nane, na uma ya miti tu, tunainua tunaitikisa tunaiacha ianguke legelege, si kuikokota na reki kama takataka. Saa kumi jioni tunaikusanya virundo vidogo tunafunika na turubai, kesho yake saa nne tunatandaza tena. Kirundo kinazuia umande usiingie kote.

Kujua imekauka, mashine sina na sijawahi kuwa nayo. Nachukua konzi kutoka sehemu tatu nne na lazima iwe ya chini, nasokota kama mtu anafua suruali. Ikinikunjikia bila kukatika iko mbichi. Ikikatika kidogo kidogo huku mingine inashikilia iko karibu. Halafu naangalia kile kifundo cha shina, maana jani hukauka mapema na shina linabaki na maji kwa vifundo, nakwaruza na kucha, nikiona kijani chenye unyevu nairudisha juani hata kama majani yanalia chwa chwa chwa.

Halafu kuna ya chumvi. Chupa ya jemu yenye kifuniko, kavu kabisa. Unakatakata nyasi vipande kama vya kidole, unajaza nusu chupa, unaweka kijiko cha chumvi uliyoikausha kwa sufuria, unafunga unatikisa dakika mbili. Chumvi ikishikana madonge ama ikanata kwa nyasi, hiyo haijafika. Ikibaki inatiririka chini ya chupa kama mchanga, funga beli zako ulale. Watoto wangu ndio hufanya hii kazi, wanaipenda kuliko hesabu ya shule.

Boksi lako lina vipimo gani? Langu ni urefu sentimita 85, upana 55, kimo 45, halina chini wala juu. Unatangulia kulaza kamba mbili za mkonge, ncha zining'inie nje, ndio unajaza na kukanyaga, unajaza na kukanyaga. Nina kijana mmoja Mluhya, akiingia kwa hilo boksi unadhani anacheza ngoma ya isukuti, beli yake moja ni kilo ishirini kamili. Yule mwingine anakanyaga kama anaogopa kuamsha mtu, zake hazipiti kumi na tatu. Zako zilikuwa kilo ngapi?

Hesabu Safi · Jumapili saa tatu asubuhi

Wacha niwe yule mtu mbaya. Ndugu wa Kamulu weka gharama zote hapa, usifiche kitu.

Ng'ombe Mbili Kamulu · Jumapili saa nane mchana

Mama shikamoo na asante, hiyo ya chumvi sijawahi kuisikia. Ni kweli sikugeuza hata mara moja, nilidhani jua litajijua. Boksi ni kama lako ila kimo ni 40.

Nimechambua tangu asubuhi. 11 zina ukungu mpaka katikati, nyeupe na zimeshikana kama keki. 27 ziko na rangi bado, zingine kahawia kidogo, nimezitandaza juu ya paleti na ya ua wa waya, jirani anafikiria nafua nyasi. Nilipima mbili Jumanne, moja ilikuwa 14 ingine 16.

Hesabu Safi chukua: kukata vijana wawili siku mbili kwa 600 ni 2,400. Kupiga beli siku moja hao hao 1,200. Kamba 500. Ya mwaka jana ni kulima 2,500, mbegu kilo tatu kwa elfu moja moja, kupalilia 2,500.

Hizo 11 naeza kuchanganya kidogo kidogo na nzuri ama niweke kama matandiko?

Dawa ya Ng'ombe · Jumapili saa tisa

Nafanya kazi ya kutibu mifugo huku Ruiru na Juja, ya matandiko wacha nikujibu haraka. Usichanganye. Ng'ombe wako amekuambia tayari, mwamini. Ukungu kwa chakula unaharibu tumbo, unashusha maziwa, na kama kuna mwenye mimba hapo inaweza kutoka. Mtu akichanganya na molasi ili ifichike harufu ndio hatari zaidi kwa sababu sasa atakula.

Kwa matandiko pia hapana, atalala juu yake anapumua lile vumbi na ukimkosesha chakula saa mbili ataanza kuyala hayo matandiko. Na wewe mwenyewe ukizishika funga pua na kitambaa kizito, hilo vumbi jeupe likiingia mapafuni mara kwa mara linakaa, nimeona wazee wanakohoa miaka kwa sababu yake na wote wanaambiwa ni pumu. Zirushe kwa shimo la mbolea, zimwagie maji, mwaka ujao zitarudi shambani.

Hizo 27 ukishazikausha mpe kidogo kwanza siku mbili uangalie. Zile zimekuwa kahawia na harufu ya tumbaku ng'ombe hula, tena wengine huzipenda sana, lakini joto limepunguza protini yenye anaweza kuitumia, usitegemee maziwa kutoka hapo.

Hesabu Safi · Jumapili saa kumi na mbili jioni

Haya basi. Kukata na kupiga beli ni 4,100. Kama zote 38 zingepona ni 108 kwa beli. Kwa 27 ni 152. Hadi hapo unaona umeshinda yule wa mawe. Lakini ongeza 8,000 ya kulima, mbegu na kupalilia, inakuwa 12,100, gawa kwa 27, beli moja imekugharimu 448. Na hujalipa yule ameshika tochi.

Ya pili. Beli ya kama kilo 15 uliyopima Jumanne ilikuwa na maji, tuseme asilimia 30, ikikaushwa mpaka 15 inabaki kilo 12 na kitu. (Hii ndio sababu ukinunua beli nzito usifurahi haraka, unaweza kuwa unabeba maji kwa bei ya nyasi.) Ng'ombe wa kilo 400 anataka kama kilo 12 za chakula kikavu kwa siku, kikavu yaani maji yote yametolewa. Wako wawili ni 24, ndama nimemsahau makusudi. Beli zako 27, ukitoa maji yote kila moja ni kama kilo 10 na nusu, ni kama siku 12. Siku kumi na mbili! Ukichanganya nusu na napia, ile nyasi ndefu ya kukata mbichi, ni siku ishirini na nne. Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba nusu ekari ya Boma italisha ng'ombe wawili mwaka mzima.

Ushauri wangu: hiyo nusu ekari panda napia na desmodiamu (ya jamii ya kunde) ukate mbichi kila siku, halafu hei nenda ununue shambani huko Isinya au Kajiado wiki yenye wanafunga, si kwa duka mwezi wa pili kila mtu akilia. Kodi pikapu na majirani watatu.

Mama Maziwa Gikambura · Jumapili saa moja usiku

Hesabu zako ni safi kweli lakini umemlipisha mbegu ya miaka yote kwa mkato mmoja. Boma ikishashika unaivuna miaka minne mitano bila kulima tena ukiiwekea mbolea. Kwangu hiyo ya kulima na mbegu nilishaisahau. Na mkato wa kwanza na wa pili huwa haba, mizizi bado inatafuta. Gawa tena hiyo 8,000 kwa mikato kama minane ndio utuambie.

Na kitu kingine kalamu haioni. Beli ya kununua naijua kwa nje tu. Yangu najua siku ilikatwa, najua hakuna waya ndani.

Hesabu Safi · Jumapili saa mbili usiku

Mama nimekubali hiyo ya kugawa, ni elfu moja kwa kila mkato, hapo anarudi chini ya 200 hata na zile ametupa. Lakini siku kumi na mbili bado ni siku kumi na mbili.

Nyasi Isinya · Jumapili saa mbili na nusu

Hapo ndio mnakosana bure. Hei ya shamba dogo haikusudiwi kulisha mwaka, ni ya kuziba pengo, ile mwezi wa pili wa tatu kabla mvua na ule wa tisa wa kumi napia ikiwa mikia ya panya. Ukiwa na beli sitini hivi kwa stoo unanunua chache na unanunua ukiwa umetulia, hununui ukiwa na njaa ya ng'ombe inakupigia kelele. Na nusu ekari iliyoshika vizuri haikupi 38 tu. Mimi ekari moja mkato mzuri sikosi beli 150, mbaya ni mia.

Lakini mimi muuzaji nyasi nikikuambia ununue chache ujue nasema ukweli.

Mawe kwa beli, wasee, si wote wanayaweka makusudi. Mengine ni reki imeokota.

Mzee wa Mundu · Jumatatu saa kumi na moja alfajiri

Hamjambo nyote. Nimesoma tangu juu na naona mmezungumza ya boksi, ya chumvi na ya pesa, lakini la mwezi hamjaligusa, nalo ndilo lililomkosesha huyu kijana.

Boma, kama nyasi nyingi za hei, huvunwa inapoanza kuchanua, nusu ya mashuke yakiwa yametoka na mbegu bado hazijakomaa. Ukiipita hapo, kila wiki shina linazidi kuwa mti na chakula kinapungua. Sasa tazama kalenda yetu. Mvua ndefu inanyesha kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa tano, nyasi inakua kwa furaha, na inachanua mwezi wa sita kuingia wa saba. Na mwezi wa saba Nairobi ni nini? Ni mawingu na makoti. Jua unaweza kulikosa siku nne mfululizo na manyunyu ya alfajiri juu yake. Kwa hivyo nyasi iko tayari wakati anga halijawa tayari, kila mwaka ni hivyo, na kila mwaka kuna mtu anashangaa. Kule Kamulu mnatushinda joto sisi wa Limuru lakini mawingu ya mwezi wa saba hayachagui.

Mimi nilikwisha kugawanya. Mkato wa hei yangu ya kutegemea ni ule wa mwanzo wa mwezi wa kwanza, nyasi iliyooteshwa na mvua ya mwezi wa kumi hadi wa kumi na mbili. Wakati huo jua ni kali, siku mbili au tatu umemaliza, na inabaki na rangi ya kijani mpaka unaona huruma kuipa ng'ombe. Mkato wa mwezi wa sita silazimishi. Kiasi wanakula mbichi, kiasi naacha kinyauke juu ya turubai, na kile nitakachokausha nakata kidogo kidogo, kipande cha hatua ishirini kwa ishirini, kesho kutwa kipande kingine. Huyu alilaza shamba zima kwa siku mbili mwezi wa saba. Hata Waingereza wenye matrekta wanaogopa hilo, na huko kwao ndiko msemo wa kuvuna wakati jua linawaka ulizaliwa kwa sababu ya hofu hiyo hiyo.

Tena kuna mbinu ya kuanika juu. Unachukua miti mitatu mirefu kama mtu na mkono wake ulioinuliwa, unaifunga vichwa pamoja kama mafiga yaliyosimama, unapitisha fito mbili tatu kuzunguka, ya chini iwe kama futi moja kutoka ardhini. Nyasi inanyauka chini siku moja, kisha unaitundika juu ya zile fito kutoka chini kwenda juu, ndani uache pango hewa ipite. Manyunyu yakija yanateleza kwa nje kama maji juu ya paa la makuti. Inachukua wiki na zaidi na haitakuwa nzuri kama ya mwezi wa kwanza, lakini haiozi. Miti mitatu ya mikalitusi hainunuliwi kwa mkopo.

La mwisho ni hao vijana na slasha. Waambie waache upana wa kiganja kutoka ardhini. Wakinyoa mpaka udongo, Boma inachelewa kurudi, na ule udongo wenyewe unapanda pamoja na nyasi unaingia kwenye beli. Mimi hutumia mundu na ninachelewa, nakubali, lakini mgongo ni wangu.

Kijana wa Bypass · Jumatatu saa mbili asubuhi

Mzee salamu zako. Mimi sina shamba hata la kaburi, hukata nyasi kando ya barabara Ruai na kwa viwanja vya watu hawajajenga, nafunga na boksi na kuuza. Najua mtanisema lakini wengi mnanunua kwetu bila kujua. Ushauri wangu kwa mnunuzi, fungua beli moja mbele ya muuzaji kabla ulipe. Kando ya barabara kuna nailoni, kuna waya wa matairi, kuna chupa, mimi huokota mbele kabla ya kukata lakini si kila mtu hufanya hivyo. Ng'ombe akimeza waya hakuna wa kumwambia ateme. Na yangu huwa sikati ile futi kumi ya kwanza kutoka lami, ile imekunywa moshi.

Na ya stoo ya jamaa wa Kamulu hakuna ameigusa: toa beli kwa simiti. Simiti hutoa unyevu usiku, paleti chini, na uache nafasi ya mtu kupita kati ya beli na ukuta wa mabati. Mabati asubuhi hutoka jasho.

Dawa ya Ng'ombe · Jumatatu saa nne

Kijana wa Bypass nimepasua ng'ombe wawili mwaka huu wamekufa, mmoja tumbo lilikuwa na nailoni ungejaza karai. Endelea kuokota mbele.

Mtu wa Rongai · Jumatatu saa sita

Kwa hivyo jiwe lilikuwa ndio kitu safi pekee kwa ile beli.

Ng'ombe Mbili Kamulu · Jumamosi iliyofuata, saa mbili usiku

Nimerudi na ripoti. Jumatatu na Jumanne kulikuwa na wingu tupu, niliingiza zile 27 kwa varanda na kuzigeuza tu, watoto wakaruka juu yake nikawapigia kelele kisha nikaona kumbe wananigeuzia bure. Jumatano jua likatoka saa tano mpaka jioni. Alhamisi pia.

Nilifanya ile ya chumvi Jumatano saa nane, ikanata kwa nyasi kama sukari kwa andazi. Alhamisi saa kumi nikarudia na nyasi ya chini kabisa, ikashuka yote chini ya chupa, nikatikisa tena dakika mbili kwa kutoamini, ikashuka. Tumefunga upya, na mguu wa kukanyaga safari hii ni wangu, zimetoka 19, moja nimepima ni kilo 17. Ziko juu ya paleti, nimeacha nafasi kwa mabati. Kila jioni naingiza mkono. Baridi kabisa. Zile 11 ziko shimoni na bado zinatoa moshi asubuhi, ule wa mvuke lakini, nimemwagia maji mara tatu.

Ng'ombe mkubwa amekula. Si kwa furaha, lakini amekula, na yule mdogo akamnyang'anya.

Mzee nimetafuta miti mitatu, jirani ana mikalitusi anataka 200 kwa mmoja, ntaijaribu na kile kipande chenye vijana waliacha bila kukata kando ya ua. Ya mwezi wa kwanza nimeandika kwa ukuta wa stoo na chaki. Mama Gikambura, huyo wa isukuti akiwa na siku ya mapumziko mwezi wa kwanza nitamtumia nauli.

Shemeji wa Kitale amenipigia leo anaulizia picha zingine za zile 38. Nimemwambia simu imejaa.